Mwaka Ambao Mama Hakutoka Eda

Tulisoma hitma ya arobaini ya mama katika nyumba ile ile ya Kariakoo aliyoingia akiwa bibi harusi. Watu walipokwisha kula pilau na kuondoka, nilibaki uani na mdogo wangu Juma tukikusanya masinia. Juma ana miaka arobaini na minne, mvi zake zimezidi zangu, lakini mbele yangu bado ni mtoto na analijua hilo. Akaniuliza, "Dada, hivi mama alikuwaje kabla mimi sijazaliwa?" Nikamjibu juu juu kwamba alikuwa anacheka sana, anapenda bahari na anapenda kula. Juma akatabasamu, akasema gari lake limeziba njia, akatoka mbio. Nilibaki na sinia mkononi, nikijua kwamba nimemjibu nusu tu. Kabla ya kuzaliwa kwake upo mwaka mmoja ambao sijapata kumsimulia mtu kwa ukamilifu wake, na huo ndio ulionifanya mimi kuwa mwoga kiasi hiki.

Nasema mwoga bila kuona haya. Simu ikilia wakati wa chakula, naweka kijiko chini kabla sijajua nani anapiga. Mwanangu anafanya kazi Posta. Akichelewa nusu saa, nasimama dirishani mpaka miguu iwake moto, na akifika namgombeza kwa kosa lingine kabisa ili asijue. Wajukuu wananitania kwamba bibi anaogopa hata manyunyu. Nawaacha wacheke. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikaa miezi karibu saba nikisikiliza pumzi za mtu nyuma ya pazia, na sikio likishazoea kusikiliza hivyo halirudi tena kuwa sikio la kawaida.

Mama yangu, Bi Tatu, hakuwa mtu wa makuu. Starehe zake zilikuwa chache na karibu zote zilikuwa na chumvi ya bahari ndani yake. Jumapili alasiri, vyombo vikishaoshwa, alivaa doti mpya ya kanga, akachomeka asumini kwenye nywele, akaniambia, "Haya Salma, twende tukapunge upepo." Tulitembea kwa miguu, tukikata Mnazi Mmoja, mpaka ufukweni, yeye na mashoga zake wawili watatu, wakisengenya njia nzima na mimi nikijifanya sisikii. Tukifika, mama alipandisha kanga mpaka magotini, akaingia majini, akasimama. Haogi, haogelei, hachezi. Anasimama tu maji yakimpiga miguu, macho kayafumba, halafu anasema, "Alhamdulillahi," kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Baada ya hapo alinunua muhogo wa kuchoma, ukapasuliwa katikati na kutiwa chumvi na pilipili, na dafu moja la kugawana, yeye akinywa maji yake na mimi nikikomba utando laini wa ndani. Ijumaa baba alileta samaki aina ya changu kutoka sokoni Feri, na mama alimkaanga ukumbini kwa jiko la mkaa ili, kama alivyosema mwenyewe, wapangaji wote wapate harufu hata wasipopata samaki. Kisha aliwaita wote waje kula. Sukari ilikuwa adimu mwaka ule, chai tulikunywa kwa tende, na sikumbuki kumsikia mama akilalamika. Nikiwaza leo, naona alikuwa mwanamke aliyeridhika, na mimi nilidhani wanawake wote wako hivyo.

Baba aliingia hospitali kubwa siku ya Jumatatu kwa kifua. Alhamisi tulimzika. Sina zaidi la kusema juu ya siku hizo nne, maana hakuna aliyenieleza chochote wakati ule, na baadaye sikuuliza. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba jioni ya maziko shangazi yangu, Bi Zena, dada yake baba, alifika kutoka Magomeni na sanduku la bati na mkeka wake, akaingia chumba cha tatu mkono wa kushoto pamoja na mama, na pazia likashushwa. Mama alikuwa ameingia eda. Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya nyumba, hajipambi, hajitii manukato, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumuoa, ila kwa lazima. Shangazi aliyasimamia hayo yote barabara. Aligeuza kioo kikatazama ukuta. Alitoa chupa za marashi na chetezo cha udi, akavifungia ndani ya sanduku lake la bati. Kanga za mama zikakunjwa, zikaletwa nguo nyeupe. Kilichonitisha zaidi ya kilio chote cha msibani kilikuwa kuingia chumba cha mama na kukuta hakina harufu yoyote.

Ningependa ieleweke kwamba shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimwogesha wifi yake kwa mikono yake, akamsongea nywele bila mafuta mazuri, akampikia uji wa pilipili manga kila asubuhi, na alipodhani hakuna anayemwona alilia kwa ajili ya kaka yake akiwa amejifunika upande wa kanga. Ila alikuwa mtu wa amri. Neno likitoka kwake limetoka, na mama, ambaye kabla ya hapo alikuwa akibishana na wauza nyanya wa soko zima, sasa alilikubali kila neno. "Wifi anajua," alisema. "Muulize shangazi yako." Nilikuwa namtafuta mama yangu wa zamani nyuma ya nguo zile nyeupe na simwoni.

Ukumbini palikuwa na kalenda tuliyopewa na Mzee Kantilal, mwenye duka la vitambaa lililokuwa mkabala na nyumba yetu. Nilianza kuweka alama ya mkaa kila siku inayopita. Niliuliza madrasa namna ya kuhesabu, nikarudia hesabu mara tatu, na siku ya mwisho nikaizungushia duara. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba siku hiyo mama ataogeshwa, atafukizwa udi, atavaa rangi, na Jumapili itakayofuata tutakwenda baharini. Lakini kadiri alama zilivyoongezeka, nilianza kuona jambo jingine. Mama alikuwa anavimba. Uso ulijaa, vidole vya mikono vikanenepa mpaka pete ikamkaza, na tumbo, ingawa alijitanda kila mara niingiapo, lilikuwa likikua. Mwaka uliotangulia mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alivimba tumbo hivyo hivyo, watu wakasema limejaa maji, na baada ya muda si mrefu tulikwenda kumzika. Nilimwona marehemu yule kila nilipomtazama mama.

Msomaji wa leo atanicheka. Mtoto wa miaka kumi na miwili siku hizi anajua kila kitu, na anachokosa simu itamweleza. Sisi mambo ya mimba tulifichwa kwa kanga na kwa uongo. Tuliambiwa watoto wachanga wananunuliwa hospitali, na kwa kuwa mama yangu hakukanyaga hospitali wala barazani, wazo la mtoto halikunipitia kabisa. Na wakubwa walikuwa na sababu yao nyingine ya kunyamaza: mimba haitangazwi, husuda ina macho mengi. Basi nilibaki na jibu moja tu.

Siku yenye duara ilipofika niliamka mapema, nikaoga, nikavaa gauni la Idi. Shangazi alinikuta uani.

"Unakwenda wapi umejikwatua hivyo?"

"Si leo mama anatoka eda, shangazi?"

Aliacha kupepeta mchele. "Nani kakwambia?"

"Nimehesabu."

"Hatoki."

"Sasa atatoka lini?"

"Mungu akipenda," akasema, akaendelea kupepeta. "Kavue hilo gauni lisichafuke."

Nililivua. Nilivuta kwa nguvu mpaka kifungo kimoja kikang'oka. Nikaenda bombani, nikafungua maji ili kelele yake inifiche, nikalia. Huko ndiko aliponikuta Mama Neema, mpangaji wetu wa chumba cha kwanza, mtu wa Songea, mhudumu katika kliniki moja ya Buguruni. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti isiyojua kunong'ona.

"Wewe, maji ya bure hayo? Unalilia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia tumbo, na mama wa nyumba ya tatu, na kwamba shangazi amesema hatoki mpaka Mungu apende. Mama Neema alifunga bomba.

"Yaani hawajakwambia? Salma, mama yako hana maji tumboni. Mama yako ni mjamzito. Baba yako kamwachia mzigo. Na nyinyi kwenu, nimeelezwa na huyo huyo shangazi yako, mjane mwenye mimba eda yake inaisha akijifungua. Ndiyo maana hatoki. Haya, nawa uso."

Nilinawa uso. Ajabu ni kwamba elimu ile ya eda ilinifikia kutoka kwa mtu wa kanisani, lakini wakati ule sikuiona ajabu yake. Niliona tu kwamba mama hafi. Nilikwenda nikakaa mlangoni pake, nje ya pazia, nikamsikiliza akikohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa kitamu masikioni mwangu.

Raha hiyo ilidumu wiki kama kumi, na ndizo wiki za amani pekee katika mwaka ule. Halafu ikaja siku moja, kabla ya adhuhuri, nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi karibu na dirisha la chumba cha mama. Mama Neema alikuwa ametoka zamu, kaingia kumjulia hali. Niliwasikia.

"Mama Salma, hebu lete mguu. Ona, nimebonyeza kidole kimebaki shimo. Na uso huu. Kichwa je?"

"Kinauma tangu juzi," mama akasema. "Na naona vitu kama vimulimuli."

"Hii presha. Mimba, na umri wako huu, halafu presha. Wewe ni wa hospitali leo, si kesho."

"Mama Neema," hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, "mwenzio yuko eda. Mtu wa eda anatokaje? Akapite Kariakoo mchana kweupe, kila mwanamume amtazame, na kaka yangu hata mwaka hajatimiza kaburini?"

"Mimi dini yenu siijui, shangazi, wala siigusi. Ila presha naijua. Nimeona wanawake wakianguka kifafa cha mimba, na mtoto wanaondoka naye. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mungu ndiye mwenye kuua na kuhuisha."

Niliacha kukuna. Nilimwomba mama moyoni aseme neno, aseme lile neno lake la sokoni, la "hebu nipisheni hapa". Mama akasema, kwa sauti ndogo ya kinyonge ambayo sikuizoea, "Wifi akisema sitoki, basi sitoki."

Mama Neema alitoka, akapita karibu yangu. "Usiniangalie hivyo," aliniambia. "Angekuwa wa kwetu ningembeba mgongoni. Lakini nikimbeba huyu, watasema Mkristo kamtoa mjane eda. Tafuteni mtu wenu wa kuwaambia." Meno ya mbuzi yalikuwa yameshaniingia vidoleni na tui la siku ile lilikuwa na damu kidogo. Tulilila hivyo hivyo.

Mtu wetu wa kutuambia alikuwa mmoja, Maalim wa madrasa, aliyekaa mtaa wa pili. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayedarizi kofia huku akisikiliza watoto thelathini wakisoma kwa pamoja, na bila kuinua kichwa anajua nani kakosea wapi. Bakora ilikuwa pembeni yake kama miwani. Nilikuwa namwogopa kuliko maradhi. Kumwendea peke yangu, mtoto wa kike, nikamuulize habari za eda na za mimba, kulikuwa sawa na kuvua nguo mbele yake. Lakini kesho yake asubuhi nilipoingia chumba cha mama na chai, alinyoosha mkono kupokea kikombe akakikosa, mkono ukapita kando, na akacheka kidogo akasema hakioni vizuri. Niliweka kikombe chini nikatoka. Nilivaa mtandio nikaenda.

Maalim alikuwa barazani kwake na kofia yake. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba. Leo hakuna chuo, umefuata nini?" Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yalikuwa mafupi: je, mwenye eda akiugua anaruhusiwa kwenda hospitali? Nilifungua kinywa. Sindano ikaingia na kutoka kwenye kitambaa. Akasema, bila kuniangalia, "Mama hajambo?" Mlango wa mazungumzo aliufungua yeye mwenyewe, naliona hilo leo. Nikasema, "Hajambo, Maalim, anakusalimu," nikageuka nikaenda zangu.

Njiani kurudi nilitafuta njia nyingine ya kusema niliyoshindwa kusema. Madrasa tulifundishwa kwamba mgonjwa anaruhusiwa kula Ramadhani. Nikajiambia, kama Mungu amemruhusu mgonjwa kula katika mwezi mtukufu, hawezi kumkataza mgonjwa kupanda gari. Nilikuwa najua kwamba mimi si mtu wa kutoa hukumu za dini. Nilijua pia kwamba jina la Maalim lingefungua mlango ambao jina langu lisingeugusa. Niliingia ndani, nikasimama kati ya shangazi na kitanda.

"Natoka kwa Maalim," nikasema. "Nimemuuliza. Amesema mgonjwa ni dharura, anatoka, hana dhambi."

Shangazi aliweka tasbihi chini polepole. "Wewe? Umekwenda kwa Maalim ukamuuliza habari hizi?"

"Ndiyo."

"Amesema kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, shangazi."

"Apa."

Kiapo cha uongo tulikuwa tumeelezwa adhabu yake kwa kirefu, na mimi nilikuwa mtoto wa kuamini kila ninaloambiwa. Nilifikiri ulimi utakauka. Nilifikiri Mungu atanijibu papo hapo kwa kumchukua aliyelala mbele yangu, maana ndiye kitu changu cha thamani. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, uso umevimba, macho yake yamenikazia.

"Wallahi," nikasema.

Mama hakuyaondoa macho yake usoni pangu kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Kisha akateremsha miguu kitandani. "Wifi," alisema, "nipe baibui."

Walimtoa mchana ule ule. Mama Neema alivuka barabara kwenda kwa Mzee Kantilal, na mzee yule, bila kuuliza swali, akafunga duka na kuleta pikapu yake hadi barazani kwetu, akashuka, akasimama ameipa nyumba mgongo. Shangazi, ambaye sasa alikuwa amepata ruhusa, aliisimamia safari kwa ukali ule ule aliosimamia nao kukaa. Aliwapanga wanawake safu mbili kutoka mlangoni mpaka garini, kila wawili wameshika kanga na kuinyoosha juu ya vichwa vyao, na mama akapita katikati ya kuta zile za kanga, hakuna mwanamume wa mtaa aliyemwona hata kisigino. Mimi nilishika pembe ya kanga ya mwisho. Alipokuwa anapanda alinigusa kichwani, hakusema kitu. Pikapu ikaondoka.

Kwa siku tatu zilizofuata niliishi kama mtu anayengoja kukamatwa. Nilikumbuka kwamba aliyevunja kiapo na hana cha kulisha maskini hufunga siku tatu, na ingawa sikuwa na hakika kama kafara hiyo inafaa kwa kiapo cha uongo, nilifunga. Sikumwambia mtu. Shangazi alinipikia wali wa nazi na mchuzi wa changu, kile kile alichopenda mama, akaniwekea mbele, na mimi nikasema tumbo linauma. "Mtoto huyu anamlilia mamaye," nilimsikia akimwambia jirani, na huruma ya sauti yake ilinitia uchungu zaidi. Kila mlango ulipolia nilidhani ni wao wanaleta habari. Kila mtu aliyepita ukumbini kwa haraka nilidhani ndiye. Nilimpigia Mungu hesabu: nichukue mimi, mimi ndiye niliyeapa. Halafu nikaogopa asije akakubali, nikaiondoa dua yangu, nikaona haya, nikairudisha.

Siku ya tatu, alasiri, Mama Neema aliingia kutoka hospitali na sare yake ya kazi, viatu mkononi. "Mtoto wa kiume!" alipiga kelele tangu barazani. "Njiti, mdogo hivi, lakini analia kama mkubwa. Mama mzima, presha inashuka." Shangazi alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akakaa chini sakafuni na kulia. Eda ilikuwa imekwisha kitandani hospitalini, kwa kilio cha mtoto. Mimi niliendelea kufunga mpaka magharibi, kwa kuogopa kuharibu dakika za mwisho.

Mama alirudi baada ya wiki tatu na Juma amezungushiwa nguo saba. Alimpa jina la baba. Arobaini ilipokwisha tulikwenda baharini, akaingia majini mpaka magotini na mtoto kifuani, akafumba macho. Mashoga zake wote walicheka. Mimi nilisimama kwenye mchanga nikiangalia mawimbi kama yatamwangusha, na nadhani sijaacha kuangalia mpaka leo.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla hajafa, mama alikuwa amelala chumba kile kile, umri wake miaka themanini na saba. Nje ya dirisha palikuwa na ghorofa iliyochukua jua lote. Daktari aliyekuja nyumbani alisema figo zimechoka, tumpeleke hospitali. Juma alikuwa safarini. Niliita teksi, nikafunga mzigo mdogo, nikamwambia mama tunakwenda. Akatikisa kichwa. Nilibembeleza, nikagomba, nikabembeleza tena. Mwisho nikakaa ukingoni mwa kitanda, na sijui kwa nini, nikalisema.

"Mama, mwaka ule wa eda nilikudanganya. Maalim hakusema neno. Niliapa uongo."

"Najua," mama akasema, macho kayafumba.

"Unajua?"

"Maalim alikuja wiki moja kabla yako. Akasimama dirishani hapo, pazia limeshuka, wifi yuko uani. Akasema, Tatu, nasikia unaumwa, mgonjwa anatoka, Mungu hakuweka eda iue watu. Nikamwambia ahsante Maalim, ila usimwambie wifi."

"Ulijua ni ruhusa? Sasa mbona ulikaa?"

"Niliogopa, mwanangu. Baba yako alikwenda pale hospitali kwa miguu yake, kajibebea na chupa yake ya chai. Nikasema nikiingia mimi nitatoka kama yeye. Basi wifi akisema mjane hatoki, mimi moyoni nasema, Mungu amweke wifi yangu." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Halafu ukaja wewe ukaapa. Nilijua ni uongo, na nilijua unavyomwogopa Mungu. Nikasema, mtoto huyu kajitia motoni kwa ajili yangu, na mimi naogopa kitanda."

Nilikasirika. Naandika ukweli: kabla ya machozi ilikuja hasira. Miaka arobaini na minne nimekibeba kiapo kile, nimekifungia, nimekitolea sadaka, na yeye alikuwa anajua. "Ungeniambia, mama!"

"Nikwambie nini? Nikwambie mama yako mwoga?"

Nje teksi ilipiga honi. Nikamuuliza, "Na sasa unaogopa?"

"Sana," akasema. "Lakini hospitali siendi. Na safari hii usiniapie. Kaa hapa."

Nilitoka nikamwambia dereva aende. Nikarudi chumbani, nikavua viatu, nikapanda kitandani nikalala kando yake kwa upande wa ukuta, nikaushika mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Wangu pia ulikuwa unatetemeka, na hatukufichana.